HABARI ZA BUSTANI: MASIKA SI MVUA YA NYANYA

Kila mwaka mwezi wa Machi ukaribiapo naulizwa neno lile lile na walimu wenzangu na akina mama wa hapa petu Bonde: "Mvua i karibu, je, tupande nyanya sasa?" Kumjibu kila mtu peke yake ni kazi ndefu, wala si wote waulizao, wengine hupanda tu, kisha huja kulia. Kwa hiyo nimeona vema niiandike habari hii yote mahali pamoja, ili kila nyumba iwe nayo, na mwalimu aweze kuwasomea watoto shuleni. Wala sitaanza kwa mafundisho, bali kwa kosa langu mwenyewe, maana watu husikiliza zaidi habari ya hasara kuliko habari ya faida.

KOSA LANGU

Mwaka 2017 ulikuwa mwaka wangu wa pili katika kijiji hiki. Nyumba niliyopewa ilikuwa na kiwanja kizuri nyuma yake, udongo wake mwekundu, na kisima hakiko mbali. Mke wangu alikuwa amejiwekea akiba katika kibubu, shilingi elfu sitini, fedha ya mayai na maandazi, naye alikwisha kuipangia kazi yake, yaani sare na viatu vya binti yetu, maana viatu vyake vilikuwa vimetoboka. Mimi nikamwambia, "Mama watoto, nipe fedha hiyo niitie ardhini. Kabla ya Julai nitakurudishia mara tatu." Akanitazama kitambo, akasema, "Baba watoto, fedha hii ina mwenyewe." Lakini akanipa.

Nikaenda mjini nikanunua mbegu za nyanya na za kabichi katika vifuko vizuri vyenye picha, pamoja na mbolea na dawa. Vifuko vile vilitoka Ulaya, na nyuma yake palikuwa pameandikwa kwamba mtu asie mbegu mwezi wa Machi na Aprili, katika majira ya kuchipua. Nikafurahi sana, nikasema moyoni, "Machi ndio huu, na masika yaja. Maandiko ya kifuko na mawingu yamepatana." Nikasia mbegu juma la kwanza la Machi, na mwanzo wa Aprili nikaanza kuhamisha miche.

Jirani yetu ni bibi mmoja mzee, mwenyeji wa pale tangu kuzaliwa. Siku ile alikuwa akitoka kisimani, akasimama penye ua wetu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Wafanya nini, Mwalimu?" Nikamjibu, "Napanda nyanya na kabichi, Bibi." Akanyamaza, akatazama mawingu upande wa baharini, akasema, "Mwalimu, masika si mvua ya nyanya. Masika ni mvua ya majani." Nikacheka kwa adabu, nikasema, "Bibi, imeandikwa." Akajibu, "Haya, kama imeandikwa," akajitwisha ndoo yake akaenda zake.

Mwezi wa Aprili miche ilistawi ajabu, hata wapita njia wakaisifu. Kisha mwezi wa Mei mvua ikashuka mchana na usiku, maji yakasimama katikati ya matuta. Naliona kwanza madoa ya rangi ya kahawia katika majani ya chini, yenye duara ndani ya duara. Nikapiga dawa asubuhi, mvua ikaiosha adhuhuri; nikapiga tena kesho yake, ikaoshwa tena. Miche mingine haikuwa na doa lo lote, illa ilinyauka ghafula ingali na rangi ya kijani, kama iliyomwagiwa maji ya moto. Kabla ya juma tatu kuisha bustani nzima ilikuwa kama imepitiwa na moto. Na zile kabichi hazikufunga. Ziliota majani matupu, kisha zikaoza moyo na kunuka. Sikuchuma hata nyanya moja iliyofaa kupelekwa sokoni.

Basi nyumba ikakosa fedha, ikakosa na kitoweo. Mke wangu hakunigombeza. Alichukua bakuli akaenda kwa yule Bibi, akarudi nalo limejaa mchicha, majani ya kunde na bamia changa. Tukala kimya. Julai shule zilipofunguliwa, binti yetu alikwenda na viatu vile vile, vimeshonwa kwa uzi wa nailoni. Hasara ya bustani nalikwisha kuihesabu kwa shilingi, lakini hasara ya viatu vile nalikuwa nikiihesabu kila asubuhi mtoto apitapo mlangoni.

SOMO LA BIBI

Nalikwenda kwa Bibi jioni moja katikati ya Juni, nikamwambia, "Bibi, nimekuja kujifunza." Hakunicheka. Akaniuliza, "Wakijua kilimia?" Nikasema, "Nalijua jina lake tu." Akasema, "Basi njoo kesho alfajiri, kabla nuru haijawa nyingi."

Nikaenda na taa mkononi. Akaniamuru niizime. Tukasimama uani, tukielekea mashariki, naye akanionyesha chini karibu na upeo wa macho kundi la nyota ndogo ndogo zilizosongamana kama vifaranga. Akasema, "Hicho ndicho kilimia. Mwezi uliopita hukukiona, jioni wala alfajiri. Kilikuwa kimezama. Sasa kimezuka." Kisha akanikumbusha neno la wazee ambalo wengi wetu twalisema bila kulifikiri: Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Akasema, "Kikizama, mimi husia nyanya chini ya kipaa cha makuti. Kikizuka, huzihamisha. Mvua imekwenda, baridi imekuja, na jua bado ni la upole. Basi."

Akanipa miche ishirini ya nyanya kutoka kitalu chake, zile nyanya ndogo za kienyeji. Nikaipanda palipokuwa na udongo mpya, mbali na matuta yangu yaliyooza. Miche ile ishirini, niliyopewa bure, ilitulisha tangu mwanzo wa Septemba hata Oktoba. Naliona aibu, na pia nalifurahi, maana sasa nalijua sababu.

SABABU YAKE

Ulaya, majira ya kuchipua ni wakati wa kutoka katika baridi kali kuingia katika joto. Adui wa mche wao ni jalidi, yaani umande ugandao usiku ukaua majani mabichi. Kwa hiyo wao hungoja baridi iishe, ndipo hupanda, nao hufanya vema. Lakini sisi wa nchi za joto hatuna jalidi huku chini pwani. Adui zetu ni wawili: joto la kiangazi na maji ya masika. Mwezi wa Januari hata Machi, upepo wa kaskazi uvumapo, joto la mchana hapa kwetu hupita digrii 31, na usiku haupoi. Ua la nyanya lipatapo joto kama hilo, hasa usiku upitao digrii 24, chavua yake hudhoofika, nalo hupukutika bila kushika tunda. Kisha Aprili na Mei, miezi yenye mvua nyingi kuliko yote, majani hayakauki, na ukungu hupenda jani lililolowa kama nzi apendavyo kidonda.

Kwa hiyo wakati wetu mwema wa nyanya, kabichi, karoti na pilipili hoho ni kinyume cha ule wa Ulaya. Wao hupanda watokapo katika baridi kwenda katika joto. Sisi hupanda tutokapo katika joto na mvua kwenda katika kipupwe, wakati kusi ivumapo na usiku kushuka hata karibu na digrii 20. Wala si sisi peke yetu. Watu wa kusini ya Florida, huko Marekani, wana jua kali na mvua nyingi katikati ya mwaka wao, nao pia hawafuati desturi ya wenzao wa kaskazini. Nyanya zao hupandwa Septemba na Oktoba, zikue katika miezi ya ubaridi. Kifuko cha mbegu hakikunidanganya. Kilisema kweli kwa nchi yake. Mimi ndimi niliyeihamisha kweli ile nisiihamishe kalenda yake.

Yafaa tukumbuke pia kimo cha nchi. Kila mita mia moja mtu apandapo mlimani, joto hupungua kiasi cha nusu digrii au zaidi kidogo. Lushoto iko kadiri ya mita 1,400 juu ya bahari. Ndiyo sababu kabichi zao hufunga kama mawe, nazo huletwa kwetu sokoni. Mtu wa Usambara akikuambia mwezi wake wa kupanda, msikilize kwa heshima, lakini usimfuate mpaka uhesabu kilima kilicho kati yenu.

HESABU YA MAJIRA

Wengine wataniuliza, "Kwa nini nyota, na kalenda ipo ukutani?" Kalenda ya ukutani ni njema, nami naitumia. Lakini yafaa vijana wajue jinsi wazee walivyohesabu, maana hawakuwa wakibahatisha.

Mwezi wa mbalamwezi haufai kwa kupanda, kwa sababu miandamo kumi na miwili ni siku 354 tu, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Katika miaka 16 mwezi ule ule huhama karibu nusu ya mwaka, kutoka kiangazi hata kipupwe. Watu wa pwani walilijua jambo hili, ndiyo maana wakulima na mabaharia walishika hesabu nyingine, ile ya Nairuzi, yaani siku ya mwaka. Waliihesabu miongo, siku kumi kumi, hata zikatimia siku 365. Huko Makunduchi, katika kisiwa cha Unguja, siku hiyo huadhimishwa hata leo mwezi wa Julai, nayo huitwa Mwaka Kogwa. Hata hivyo mwaka wa jua una siku 365 na kadiri ya robo, kwa hiyo hesabu ile nayo husogea siku moja kila miaka minne. Katika miaka 120 ni mwezi mzima.

Lakini kilimia hakihami katika umri wa mtu. Kila mwaka katika Mei hufichwa na nuru ya jua, na kufikia katikati ya Juni huonekana tena alfajiri. Ndiyo saa ya Bibi, nayo haihitaji kutiwa ufunguo.

Tena siku hizi tumepata msaada ambao wazee hawakuwa nao. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa masika kabla ya Machi, na wa vuli kabla ya Oktoba, nao hutangazwa redioni na kupatikana hata katika simu. Msikilizeni mtabiri, mkitazame na kilimia. Kilimia hutuambia desturi ya miaka. Mtabiri hutuambia tabia ya mwaka huu. Mwenye kushika mashahidi wawili hapotei upesi.

MIEZI YA BUSTANI

Sasa nitataja kazi kwa miezi, kama tuifanyavyo Bonde na nchi za chini za pwani ya Tanga.

Machi na Aprili. Hapo ndipo pa mboga za majani, kama Bibi alivyonena. Mvua ya kwanza ikilowesha udongo kiasi cha shubiri moja, sieni mchicha, kunde za majani, bamia, mlenda na maboga. Mchicha huanza kuchumwa baada ya juma tatu au nne, na bamia baada ya siku 50 hata 60. Mkipanda mwisho wa Machi, nyumba ina kitoweo kabla ya Aprili kuisha. Chomekeni pia marando ya viazi vitamu kwa ajili ya matembele, na vijiti vya muhogo kwa ajili ya kisamvu cha kiangazi. Nyanya chungu na bilinganya huvumilia kuliko nyanya. Miche yake yaweza kuhamishwa Aprili. Matuta yawe ya kuinuka, kimo cha shubiri au zaidi, na mifereji kati yake, maji yapate kwenda.

Mei. Kilimia kimezama. Katikati ya mwezi huu sieni katika kitalu nyanya, pilipili hoho na kabichi, chini ya kipaa cha makuti ili mvua isizipige.

Juni. Kilimia kimezuka. Hamisheni miche. Sieni karoti na figiri papo hapo katika matuta, na miche ya sukuma wiki ipandwe pia.

Julai na Agosti. Kipupwe, na mvua chache za mchoo. Nyanya hutoa maua katika ubaridi huu, nayo hushika. Maji ni lazima, asubuhi au jioni, yamwagwe chini shinani, si juu ya majani.

Septemba. Kuchuma nyanya. Mtu aliyesia katikati ya Mei ataanza kuchuma mwisho wa Agosti, naye atakuwa amekwisha kuuza sehemu kubwa kabla vuli haijanyesha. Andaeni matuta ya vuli.

Oktoba na Novemba. Vuli. Rudieni mambo ya Machi, yaani mchicha, kunde, bamia, matango na maboga.

Desemba. Chumeni majani ya kunde kwa wingi, myachemshe kidogo na kuyaanika kivulini, yawe akiba. Chagueni mbegu kwa mashina yaliyo mazuri, wala si kwa yaliyobaki baada ya kula.

Januari na Februari. Hii ndiyo miezi migumu, ambayo nyumba nyingi hula ugali na chumvi. Hapo kisamvu kilichopandwa masika huokoa watu. Karibu na kisima fanyeni vitanda vya kuchimbwa chini kidogo, kinyume cha vile vya masika, ili maji machache yakae. Pandeni mchicha na matembele, mkafunike udongo kwa majani makavu. Nasema neno hili kwa uzito, kwa maana majani ya kijani hutupa vitamini A, na mtoto aikosaye kwa muda mrefu huanza kutoona vema jioni, na akizidi kuikosa macho yake huweza kuharibika kabisa. Bustani ya kiangazi si ya anasa, ni ya macho ya watoto.

MAMBO YA KUSHIKA

Neno la kwanza, hesabuni kwa kurudi nyuma. Msiulize, "Nipande lini?" Ulizeni, "Nataka ua lifunuke lini?" Nyanya hukaa kitaluni majuma manne au matano, baada ya kuhamishwa huchukua kadiri ya mwezi mmoja kutoa maua, na mwezi mmoja na nusu tena hata tunda kuiva. Basi nikitaka maua katikati ya Julai, narudi nyuma mwezi nikapate katikati ya Juni, narudi tena mwezi nikapate katikati ya Mei. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la tatu aweza kuifanya kwa vidole.

Neno la pili, msisie mbegu zote siku moja. Mchicha usieni kidogo kidogo kila baada ya juma mbili, mkichanganya mbegu na mchanga mkavu ili zisianguke rundo. Asiaye zote pamoja hula sana juma moja, kisha hukaa bila mboga.

Neno la tatu, zoezeni miche. Juma la mwisho kabla ya kuihamisha punguzeni makuti na maji, ili mche usitoke kivulini ukakutana na jua kama mgeni. Hamisheni jioni, mkiushika mche kwa jani wala si kwa shina, mkaumwagilie papo hapo.

Neno la nne, ujueni ugonjwa kabla hamjanunua dawa. Mche wa nyanya ukinyauka ghafula ungali kijani, kata shina lake karibu na ardhi, ulitie katika bilauri ya maji safi lisifike chini. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka majini, huo ndio mnyauko wa bakteria, nao hauna dawa ya kunyunyiza. Ng'oeni mche pamoja na mizizi mkauchome moto, wala pale pasipandwe nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi ulaya kwa miaka kadhaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu ya msiba wangu, nami nalikuwa nikitupa fedha ya dawa bure.

Neno la tano, jihadharini na yule nondo mdogo ambaye wakulima wamempa jina la kanitangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini, naye alionekana katika nchi yetu mwaka 2014. Viwavi wake hupenya ndani ya jani na ndani ya tunda, hasa wakati wa ukavu. Kila siku mbili zungukeni bustani, mchume majani yenye michirizi myeupe mkayafukie chini sana au kuyachoma, wala msiache mashina makuukuu ya nyanya yasimame baada ya mavuno.

KWA WALIMU WENZANGU

Nina neno moja kwenu ninyi wenye bustani za shule. Naliona shule moja ambayo kila mwaka nyanya zake zilikufa, watoto wakaambiwa kwamba ni wavivu. Hawakuwa wavivu. Miche ilihamishwa mwisho wa Mei, kisha shule ikafungwa Juni kwa likizo, miche ikabaki yatima katika majuma yale yale ihitajipo maji kuliko yote. Basi kabla ya kusia mbegu, tazameni siku za likizo. Ama gawanyeni watoto wakaao karibu kwa zamu, wawili wawili kwa siku, ama fanyeni kitalu shuleni, kisha siku ya kufunga kila mtoto apewe miche mitano aipeleke kwao, na Julai arudi na habari zake. Njia hii ya pili ndiyo tuitumiayo. Imeeneza bustani katika nyumba ambazo maneno yangu hayakuweza kuziingia.

MWISHO WA HABARI

Mwaka 2018 nalisia mbegu katikati ya Mei, nikahamisha katikati ya Juni. Mavuno hayakuwa mengi kama yale ya picha ya kifuko, lakini yalikuwa mazima. Fedha ya ndoo za kwanza nalimpa mke wangu mkononi, akaihesabu, akaitia yote katika kibubu. Kesho yake akaitoa, akaenda na binti yetu mjini kununua viatu. Hakusema neno lo lote juu ya mwaka uliopita, nami nalimshukuru kwa kimya chake.

Mwaka 2019 ulitufundisha upande wa pili. Baadhi ya majirani waliona bei njema ya nyanya mwezi wa Agosti, wakakimbilia kupanda mwisho wa mwezi huo huo. Vuli ya mwaka ule ilikuwa nzito kupita kiasi, na Oktoba mvua kubwa ilinyesha katika mkoa wetu wa Tanga, hata nyanya zao zikaoza zingali changa. Zetu zilikuwa zimekwisha kuliwa na kuuzwa. Hatukuwa na akili kuliko wao, illa sisi twalikuwa tumekwisha kulipa karo ya somo lile.

Yule Bibi yu hai bado, lakini macho yake yamepungua nuru. Nyota ndogo hazioni tena. Basi kila mwaka ifikapo Juni, binti yetu, ambaye sasa amekuwa mkubwa, akiwa nyumbani huamka alfajiri, hutoka uani akatazama mashariki, kisha huenda kubisha mlango wa Bibi na kumwambia, "Bibi, kimezuka." Naye Bibi huuliza kila mara, "Wamekihesabu vema, mwanangu, au wamekiona kwa haraka?" Akihakikishiwa, huitwaa fimbo yake, akatoka kwenda kutazama miche kwa vidole.

Basi, ndugu zangu, mwezi wa Machi ukiingia na mawingu yakikusanyika, msiifungue mifuko ya nyanya. Fungueni ile ya mchicha.

Wasalaam. Mimi ndugu yenu, mwalimu wa Bonde.